Homoni ya utumbo yalinda figo za wenye kisukari

Msomaji, kama unaugua kisukari, usingoje figo ziume ndipo uende hospitali. Figo huharibika kimyakimya kwa miaka mingi bila maumivu. Miguu inapoanza kuvimba, mara nyingi madhara ni makubwa tayari.

Figo ni chujio. Kila moja ina vichujio vidogo vipatavyo milioni 1, vinavyotoa uchafu katika damu na kubakiza protini. Sukari na presha zikikaa juu kwa muda mrefu, vichujio hivyo huchakaa na protini iitwayo albumini huvujia kwenye mkojo. Huwezi kuiona kwa macho mpaka mkojo upimwe.

Sasa kuna matumaini mapya. Unapokula, tuseme ugali kwa ngege, utumbo wako hutoa homoni iitwayo GLP-1. Hii ni peptidi, yaani kipande kifupi cha protini. Huiamsha kongosho itoe insulini, na huuarifu ubongo kwamba umeshiba. Ile ya asili huvunjika kwa dakika chache tu. Wataalamu waliibadilisha kidogo wakapata dawa ya semaglutaidi, ambayo sindano yake hudungwa mara 1 kwa wiki.

Mwaka 2024 yalitangazwa matokeo ya utafiti uitwao FLOW. Ulihusu watu 3,533 wenye kisukari cha aina ya pili ambao figo zao zilikuwa zimeanza kudhoofika. Kwa waliopata dawa hiyo, hatari ya figo kuharibika vibaya, au ya kufa kwa maradhi ya figo au ya moyo, ilipungua kwa asilimia 24 kuliko kwa waliodungwa sindano isiyo na dawa.

Hata hivyo, usiinunue kiholela. Ni ghali, na huweza kuleta kichefuchefu na kutapika. Anayetapika sana hupungukiwa na maji, na figo zikaumia zaidi.

Kwa wengi wetu hapa Kisumu na kando ya ziwa, kinga iliyo karibu ni tembe za bei nafuu kama enalapril au losartan, ambazo hushusha presha na kupunguza albumini inayovuja. Sharti daktari akuandikie, na mjamzito asizitumie. Dhibiti sukari, punguza chumvi, acha sigara, wala usizoee kumeza dawa za maumivu kama diclofenac.

Figo zikishindwa kabisa, mgonjwa husafishwa damu kwa mashine mara 2 au 3 kwa wiki, kila mara kwa muda wa saa 4 hivi. Wanaohudhuria Hospitali ya Jaramogi, ambayo wengi bado twaiita "Russia", wanajua uzito wa safari hizo kwa mgonjwa na jamaa zake.

Kwa hiyo, siku yako ya kliniki ikifika, uliza: "Daktari, mwaka huu mkojo wangu umepimwa albumini, na damu yangu kreatinini?" Kama bado, omba upimwe siku hiyo hiyo.