Stima Ikizimika: Hesabu Kwanza, Nunua Baadaye

Ndugu mkulima wa Kalobeyei,

Baadhi yetu twapata stima ya mtambo wa jua. Ikikatika usiku, usikimbilie kuuza mbuzi ununue jenereta. Kwanza hesabu haja ya nyumba yako: wati zidisha kwa saa.

Taa 3 za wati 5 kila moja, zikiwaka saa 4, hutumia wati-saa 60. Kuchaji simu 2, weka 20. Jumla 80.

Betri ya volti 12 na ampea-saa 20 hubeba wati-saa 240. Lakini betri ya maji ya asidi isitumiwe kupita nusu, isije ikafa mapema. Nusu hiyo, yaani 120, yakutosha. Paneli ya wati 30 yaweza kuijaza kesho kwa jua letu kali, mradi uipanguse vumbi.

Jenereta yafaa kazi nzito, kama kusaga nafaka. Yataka mafuta kila iwakapo, na moshi wake una hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka. Usiiwashe kamwe ndani ya nyumba wala karibu na dirisha. Watu hulala wasiamke.

Basi shika kalamu kabla hujafungua mfuko.