Programu ya Zahanati: Ije na Kamusi Yake au Ije Tupu?

Kila tunapozungumzia kompyuta kwa ajili ya zahanati, swali la kwanza huwa umeme na la pili huwa bei. Katika toleo hili tunapenda kueleza swali la tatu, ambalo husahaulika: je, programu ya kumbukumbu za wagonjwa ije na orodha sanifu ya magonjwa, vipimo na dawa, au ije tupu ili kila kituo kijaze maneno yake?

Tatizo lenyewe

Tuchukue mfano wa Kimali, mkoani Simiyu. Mama analeta mtoto mwenye homa na mishtuko ya mwili. Mhudumu mmoja anaweza kuandika "degedege", wa pili "malaria kali", wa tatu "kifafa". Anayesoma daftari humwuliza mwenzake, lakini kompyuta haiulizi. Itahesabu magonjwa matatu, na kamati itasoma kwamba malaria kali imepungua, kumbe imebadilishwa jina tu.

Vipimo navyo ni hivyo hivyo. Wingi wa damu wa gramu 11 kwa desilita ni sawa na gramu 110 kwa lita. Taarifa ikihamishwa bila kizio chake, mama mjamzito asiye na tatizo anaweza kuonekana mahututi, au aliye hatarini akaonekana mzima.

Uzoefu wa wenzetu

Programu ya OpenMRS, inayotolewa bure, ilianzishwa mwaka 2004 na Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief, Marekani, wakishirikiana na mpango wa UKIMWI wa AMPATH mjini Eldoret, Kenya. Ilianza kutumika huko mwaka 2006. Ndani yake kila dhana, yaani kila ugonjwa, kipimo au dawa, ina namba yake, na majina huambatanishwa na namba hiyo. Hata hivyo, kila kituo kiliachiwa uhuru wa kujenga kamusi yake.

Uhuru huo una faida, kwa sababu kliniki ya UKIMWI haiulizi maswali yale yale ya kliniki ya watoto. Lakini kujenga kamusi ni kazi ndefu ya wataalamu, na vituo viwili vilivyojenga kila kimoja peke yake haviwezi kujumlisha hesabu zao. Ndipo umuhimu wa kamusi ya pamoja ya CIEL ulipoonekana. Ilijengwa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, chini ya Dk. Andrew Kanter, na kutumika katika mradi wa Vijiji vya Milenia. Dhana zake zimeunganishwa na namba za magonjwa za Shirika la Afya Duniani. Leo programu ya KenyaEMR hutumia kamusi hiyo.

Hatari ya upande wa pili

Orodha ya kigeni ikiwa ndefu mno, mhudumu hukosa neno analolijua na kuchagua "mengineyo". Tena degedege ni dalili: inaweza kuletwa na malaria au na homa ya uti wa mgongo. Anayeiunganisha moja kwa moja na malaria amekosea, hata kama orodha yake ni sanifu.

Maana nazo hubadilika. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Kabla ya hapo, homa nyingi ziliandikwa malaria bila kipimo. Kwa hiyo malaria iliyopimwa na isiyopimwa zisiwekwe chini ya dhana moja.

Msimamo wetu

1. Programu ije na kamusi, ikianza na dhana zinazohitajika katika taarifa za MTUHA za Serikali.

2. Wahudumu waruhusiwe kuongeza majina ya Kiswahili na Kisukuma juu ya dhana zilizopo. Dhana mpya zipitishwe na mtu mmoja aliyepewa kazi hiyo.

3. Wafadhili wanaponunua kompyuta, waweke pia fungu la mtu huyo. Kamusi isiyotunzwa huharibika kama pampu ya kisima.

Kamati za sharika tunaziomba, kabla ya kupokea programu yoyote, hata ya bure, ziulize: maneno yaliyomo yametoka wapi, na nani atayarekebisha?