Kinga ya Mahindi Dhidi ya Baka la Majani Huanzia Kwenye Mbegu

Msimu wa mvua ndefu unapofika, wakulima wengi wa nyanda za juu za Bonde la Ufa na magharibi mwa Kenya huona majani ya mahindi yakitokwa na mabaka marefu ya kijivu, yaliyochongoka pande zote mbili mfano wa sigara. Huo ni ugonjwa wa baka la majani, unaosababishwa na kuvu. Shamba likishambuliwa vikali kabla mahindi hayajatoa ndevu, mavuno yanaweza kupungua hata kwa nusu, kwa kuwa jani lililokauka haliwezi tena kutengeneza chakula cha kujaza punje.

Hata hivyo, shamba jirani lililopandwa mbegu ya aina nyingine huenda likapata madoa machache tu. Mara nyingi tofauti hiyo hutokana na kinga iliyo ndani ya mmea wenyewe.

Kuvu huingiaje?

Kuvu hujificha kwenye mabua na majani makavu yaliyobaki shambani. Mvua zinapoanza, hutoa chembe ndogo mno za uzazi ambazo hupeperushwa na upepo au kurushwa na matone ya mvua hadi kwenye majani. Jani likikaa na unyevu kwa saa 6 hadi 18, katika joto la nyuzi 18 hadi 27, chembe hizo huota na kutoboa ngozi ya jani. Baada ya wiki moja au mbili mabaka hujitokeza, nayo hutoa chembe mpya za kushambulia mimea mingine.

Mmea hujitetea vipi?

Kizuizi cha kwanza ni nta inayofunika jani. Kuvu ikipita hapo, seli za mmea wenye kinga huitambua, huimarisha kuta zake na kutoa kemikali za kuidhoofisha. Mwaka wa 2015, watafiti walitambua jeni iitwayo Htn1, iliyotoka kwa mahindi ya kienyeji ya Meksiko. Jeni hiyo hutengeneza protini inayofanya kazi kama mlinzi kwenye ukuta wa seli. Mmea ulio nayo huchelewa kuonyesha mabaka, na punje hupata muda wa kujaa.

Kinga ni za aina mbili. Ya kwanza hutegemea jeni moja yenye nguvu, lakini kuvu inaweza kubadilika na kuishinda. Ya pili hutokana na jeni nyingi zinazosaidiana; haizuii ugonjwa kabisa, ila huupunguza kasi na hudumu zaidi. Hivyo, kuona madoa machache kwenye mbegu yenye kinga si dalili kwamba mbegu ni mbovu.

Kupanda mbegu za asili moja kila mahali pia ni hatari. Mwaka wa 1970, Marekani ilipoteza takriban asilimia 15 ya mahindi yake kwa ugonjwa mwingine wa kuvu ya majani, kwa sababu sehemu kubwa ya mbegu zilikuwa na udhaifu uleule.

Wakulima wanashauriwa:

• Kumuuliza muuzaji wa agroveti ikiwa mbegu inastahimili baka la majani na kama inafaa eneo lao.

• Kununua mbegu zilizoidhinishwa na KEPHIS, na kukwangua kibandiko cha pakiti kisha kutuma nambari iliyofichwa kwa 1393 ili kuhakikisha mbegu ni halali.

• Kutopanda tena punje zilizovunwa kutoka kwa mahindi ya haibridi, kwa kuwa kinga hugawanyika na mimea mingine huikosa.

• Kubadilisha mazao, kwa mfano kupanda maharagwe au viazi, na kufukia au kuondoa mabua baada ya mavuno.

• Kukagua majani ya chini kila wiki kabla mahindi hayajachanua. Dawa ya kuvu husaidia zaidi ikipigwa mapema, kabla mabaka hayajafika majani ya juu.

Ikumbukwe kwamba kinga ya baka la majani si kinga ya magonjwa yote. Ugonjwa hatari wa MLN, uliogunduliwa Bomet mwaka wa 2011, huletwa na virusi, na dawa ya kuvu haiutibu. Mkulima asiye na hakika na dalili anazoziona anahimizwa kumwita afisa wa kilimo wa wadi kabla ya kununua dawa yoyote.