Magandano baada ya upasuaji wa endometriosisi: kwa nini yanarudi, na ufanye nini

Umefanyiwa upasuaji wa endometriosisi, na daktari amesema ameondoa vidonda vyote alivyoviona. Miezi kadhaa unapumua, halafu maumivu yanarudi. Ukigeuka kitandani kitu kinavuta chini ya kitovu, ukienda haja kubwa panauma. Kliniki unaambiwa viungo vimegandana tena. Unajiuliza: basi si wanifungue tena, wakate? Kabla hujajibu, twende taratibu tuone hayo magandano yanatokea wapi.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba endometriosisi inawapata karibu asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, yaani watu kama milioni 190. Tishu inayofanana na ile ya ndani ya mfuko wa uzazi inaota nje yake: kwenye ovari, mirija, kibofu au utumbo. Inauchokoza mwili mara kwa mara, sehemu hizo zinavimba na kuacha makovu.

Sasa, ndani ya tumbo kuna utando mwembamba unaoteleza, unaofunika viungo na ukuta wa tumbo. Ndio unaouwezesha utumbo kujongea bila kukwama. Utando huu ukijeruhiwa, iwe na ugonjwa, kisu, au kifaa cha kuunguzia vidonda, panajitokeza fibrini, protini ileile inayogandisha damu. Hiyo ni gundi ya muda. Mambo yakienda sawa, kimeng'enya kiitwacho plasmini kinaiyeyusha ndani ya siku chache, na utando unapona katika wiki moja hivi.

Lakini palipoungua au palipokosa damu ya kutosha, kazi ya kuyeyusha inazorota. Gundi inabaki. Chembe za kutengeneza kovu zinaingia, zinasuka nyuzi za kolajeni, na mishipa ya damu na hata ya fahamu inaota humo. Ovari iliyokuwa inacheza vizuri inanata kwenye utumbo, kama kurasa za daftari lililomwagikiwa uji likakauka.

Umeona mtego ulipo? Kukata magandano ni jeraha jipya, na jeraha jipya linaita fibrini mpya.

Watafiti wa Uholanzi walilipima jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 2003. Walichukua wagonjwa 100 wenye maumivu sugu ya tumbo na magandano. Wote waliingizwa kamera tumboni kupitia matundu madogo, lakini kwa kura, baadhi yao tu ndio waliokatwa magandano. Wagonjwa hawakuambiwa wako kundi gani. Baada ya mwaka mmoja, makundi yote mawili yalikuwa na nafuu, na hakukuwa na tofauti ya maana kati yao. Utafiti huo haukuwa wa endometriosisi, kwa hiyo tusiuvute kupita kiasi. Ila unatuonya kwamba kukata gandano na kuondoa maumivu ni mambo mawili.

Hii haina maana kwamba unajitungia maumivu. Wapo wenye magandano mengi wasiosikia chochote, na wapo wenye machache wanaoteseka. Isitoshe, maumivu ya muda mrefu yanaifanya mishipa ya fahamu kuwa kama kengele ya gari iliyotegwa vibaya: hata paka akipita, inalia.

Kwa hiyo ufanye nini? Kwanza, muulize daktari: ni ugonjwa umerudi, ni magandano, au vyote? Mtaalamu mzoefu wa ultrasaundi anaweza kubonyeza taratibu na kuangalia kama viungo bado vinateleza. Ila magandano membamba mara nyingi hayaonekani, kwa hiyo picha safi haimalizi mjadala.

Pili, kama hutafuti mtoto kwa sasa, ulizia dawa za homoni, vikiwemo vidonge au kitanzi chenye homoni. Haziyeyushi magandano, lakini zinautuliza ugonjwa unaochokoza. Kama unataka mimba, sema mapema, maana nyingi zinaizuia.

Tatu, tibu maumivu yenyewe. Fiziotherapia ya misuli ya nyonga, kutembea, kuzuia kufunga choo na dawa za maumivu ulizoelekezwa huwasaidia wengi. Andika kila siku: panauma wapi, saa ngapi, baada ya kufanya nini. Daftari hilo linamsaidia daktari kuliko "nasikia vibaya tu".

Upasuaji mwingine una nafasi yake, mfano utumbo umeziba, mrija wa mkojo umebanwa, au mimba haishiki. Ukifikia hapo, uliza kama utafanyika kwa matundu madogo, na kama watatumia vizuizi vya kutenganisha viungo vinapopona. Vizuizi hivyo vinaweza kupunguza magandano, ila ushahidi kwamba vinapunguza maumivu ni mdogo.

Na hili usilisubirie tarehe ya kliniki: tumbo likijaa na kukaza, unatapika, maumivu yanakuja kwa mawimbi, na hupati choo wala hewa haitoki, nenda hospitali saa hiyohiyo. Utumbo unaweza kuwa umeziba.

Vinginevyo, nenda kliniki na daftari lako, na swali hili: "Daktari, tukikata tena, unategemea nini kibadilike safari hii?"