CPU, GPU na viini vingi: nani hasa anakula umeme?

Ukiona kadi ya GPU inakula wati 300 na CPU wati 100, haraka haraka utasema GPU ni mlafi. Subiri kwanza. Wati zinakuambia umeme unaliwa kwa kasi gani, hazikuambii utakuwa umelika kiasi gani kazi ikiisha.

Tuseme kazi ileile inachukua sekunde 60 kwenye CPU na sekunde 10 kwenye GPU. CPU imetumia 100 × 60, yaani juli 6,000. GPU imetumia 300 × 10, juli 3,000 tu. Lakini GPU ikichukua sekunde 25, inafika juli 7,500 na imeshindwa. Ni kama lori na bodaboda: kwa magunia 100 lori lina nafuu, kwa bahasha moja ni hasara.

Sasa, nafuu ya GPU inatoka wapi? Prosesa ina viini, yaani sehemu zinazopiga hesabu. Umeme unaoliwa na swichi zake hupanda kufuata kasi ya saa yake ikizidishwa na mraba wa volti. Punguza kasi na volti kwa asilimia 20 kila kimoja: 0.8 × 0.8 × 0.8 ni kama 0.51, karibu nusu. Kumbe kwa umeme uleule wa kiini kimoja kinachokimbia unaweza kulisha viini viwili vinavyotembea, na kwa pamoja vikafanya kazi mara 1.6! GPU imelipeleka wazo hili mbali zaidi, hadi maelfu ya viini vidogo vidogo. Katikati ziko prosesa za viini vingi kama Xeon Phi ya Intel, ambayo toleo lake la 2016 lilifika viini 72.

Tuangalie mashine za kweli. Fugaku ya Japani (2020) haina GPU. Inatumia prosesa zenye viini 48 vya hesabu. Frontier ya Marekani (2022) inategemea GPU. Kwenye jaribio la LINPACK, lenye hesabu nyingi zilizopangika vizuri, Fugaku ilifanya takribani hesabu bilioni 15 kwa kila juli, Frontier bilioni 52. Ni kweli Frontier ni mpya zaidi, lakini pengo ni kubwa.

Ila kuna jaribio jingine, HPCG, ambalo muda mwingi prosesa inasubiri data kutoka kwenye memori. Hapo Fugaku ilifika petaflopu 16, Frontier kama 14. Frontier bado inatumia umeme kidogo zaidi, lakini lile pengo la mara tatu na ushee karibu limeyeyuka. Viini vinavyosubiri data navyo vinakula.

Halafu kuna kikwazo alichokieleza Gene Amdahl mwaka 1967: kama asilimia 10 ya kazi haigawanyiki, hata ukiweka viini milioni moja hutavuka kasi mara 10.

Kwa hiyo kabla hujaishawishi maabara yenu inunue kadi ya bei mbaya, azima moja na uendeshe programu yenu wenyewe. Pima wati za mashine nzima, maana GPU haifanyi kazi bila CPU, kisha zidisha kwa sekunde. Jibu hilo halimo kwenye boksi.