Kabla hujageuza jiko la uani kuwa chumba

"Jiko halilipi kodi, mwanangu," mama mkubwa aliniambia aliponiita nimsaidie hesabu. Nyumba yake iko Temeke, ni ile ya Kiswahili tunayoijua: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani choo, bafu na jiko. Jiko lenyewe ni la zamani. Kuta ni nyeusi tii kwa masizi, bati limetoboka, sakafu imechimbika, na ni wapangaji wawili tu wanaolitumia. Fundi alikwisha kumshawishi lipigwe lipu, liwekwe dari na dirisha, kiwe chumba cha saba.

Kwa haraka haraka hesabu ya fundi inavutia. Tuchukue kodi ya chumba kuwa Sh50,000 kwa mwezi. Chumba cha saba kitaingiza Sh600,000 kwa mwaka. Kama kazi itagharimu Sh1,200,000, fedha zitarudi kwa miaka miwili.

Kasoro ya hesabu hiyo ni kwamba inatazama chumba kimoja na kuvisahau vile sita. Jiko likiondoka, wapangaji hawaachi kula. Watapikia ukumbini, mlangoni, na siku za mvua chumbani kabisa. Mkaa unaowaka mahali palipofungwa hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala hana namna ya kuitambua. Kwangu mimi hilo peke yake lilitosha kukataa.

Lakini mama mkubwa alitaka shilingi, basi tukaendelea. Ukumbi ukipikiwa utahitaji rangi kila mwaka, tuseme Sh150,000. Familia zenye watoto, ambazo ndizo hukaa muda mrefu, zitatafuta kwingine. Kila chumba kikikaa wazi mwezi mmoja zaidi kwa mwaka, vyumba saba vitapoteza Sh350,000. Katika zile Sh600,000 zimebaki Sh100,000, na fedha za fundi sasa zitarudi kwa miaka 12.

Upande wa pili, tuseme jiko linakarabatiwa kwa Sh900,000 na kila mpangaji anaongezewa Sh5,000 kwa mwezi. Vyumba sita vitaleta Sh360,000 kwa mwaka, yaani miaka miwili na nusu. Ila wapangaji walione jiko kwanza, ndipo wasikie habari ya kodi, tena mkataba unapoanza upya. Ukitanguliza kodi utagombana nao bure.

Katika kazi yenyewe, usianze na rangi. Chokaa ikipakwa juu ya masizi yasiyosuguliwa, weusi hurudi baada ya muda mfupi. Anza na bati, kisha njia ya moshi: matofali ya matundu karibu na paa, pande mbili zinazotazamana ili upepo upite. Acha matundu mengine chini karibu na sakafu, kwa sababu wapangaji wengi sasa wana mitungi ya gesi, na gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama chini. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa miaka kumi unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, hivyo kujenga jiko la mkaa peke yake ni kujenga la jana.

Sakafu iwe na mteremko wa kupeleka maji kwenye karo. Meza ya zege iwe ya kimo cha kiuno, na chini yake vijisanduku sita vyenye kufuli. Wengine wataona vijisanduku ni anasa. Waulize wapangaji wao ugomvi wa mwisho ulihusu nini, kama si mkaa au sufuria.

Sisemi kila jiko libaki. Nyumba iliyo jirani na kituo cha mabasi, yenye wapangaji wanaolala tu na kula kwa mama lishe, pengine chumba cha saba kitalipa.

Mama mkubwa amekubali bati na matofali ya matundu. Karo litasubiri kodi ya miezi mitatu ijayo. Kuhusu umeme bado tunabishana: yeye hataki soketi jikoni, maana LUKU ni moja kwa nyumba nzima, na mwenye jiko la umeme atawamalizia wenzake uniti.