Mwindaji Ugenini, Mwindaji Nyumbani

Msafiri anayeteremka kutoka Mbinga hadi ufukoni mwa Ziwa Nyasa hakosi kusikia habari za Liuli. Wajerumani walipaita mahali hapo Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba ambao, ukitazamwa kwa mbali, hufanana na ile sanamu ya Misri yenye kichwa cha mtu na mwili wa simba. Hapo ndipo, mwezi wa Agosti 1914, meli ya Kijerumani iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo iliposhambuliwa na meli ya Kiingereza, kabla nahodha wake hajajua kwamba vita imeanza.

Wanafunzi wa historia huisoma habari hiyo, lakini ni wachache wanaouliza juu ya jina la meli iliyoshambuliwa. Iliitwa Hermann von Wissmann, na mtu aliyepewa heshima hiyo anatuingiza katika swali la makala haya: je, mtu akienda kuwinda katika nchi ya mbali, hurudi kwao na moyo ule ule juu ya uwindaji?

Waliokuja na bunduki wakarudi na kilio

Wissmann alikuwa askari, mvumbuzi na mwindaji hodari. Akiwa gavana wa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani alitoa, mwaka 1896, sheria ya uwindaji iliyodai leseni na kutenga maeneo mawili ambamo wanyama wasiwindwe: moja magharibi ya Kilimanjaro, jingine upande wa Rufiji. Hili la pili ndilo lililokuwa mbegu ya Pori la Akiba la Selous. Mtu aliyezoea kuua tembo alikuwa ameona kwa macho yake jinsi tembo wanavyokwisha mahali bunduki na biashara ya pembe zinapokutana. Lakini hakuacha kuwinda. Mwezi wa Juni 1905 alikufa kwa ajali ya bunduki akiwa mawindoni karibu na makazi yake huko Austria.

Mwenzake, Carl Georg Schillings, alikwenda mbali zaidi. Alipiga wanyama wengi katika nyika za Kilimanjaro, na mizoga mingi ikapelekwa katika majumba ya makumbusho. Kisha akaanza kubeba kamera. Alitega kamba usiku penye maji. Mnyama akiigusa, unga wa magnesi uliwaka ghafla na picha ikanaswa katika kioo. Kitabu chake chenye picha hizo, kilichotoka mwaka 1905, kilisomwa sana Ujerumani. Aliporudi kwao alikuwa mtetezi wa viumbe, si wa Afrika tu. Alipinga pia biashara ya manyoya ya ndege yaliyopambia kofia za wanawake wa Ulaya.

Uingereza nako, mwaka 1903, wawindaji na mabwana wenye vyeo waliunda chama cha kuhifadhi wanyama wa makoloni. Watu waliwacheka kwa kuwaita wachinjaji waliotubu.

Toba iliyomwangukia mwingine

Toba ni jambo jema, lakini inatupasa kuuliza ni nani aliyeilipa gharama yake. Mwezi wa Mei 1900 mataifa yenye makoloni yalitia saini mjini London mkataba wa kuhifadhi wanyama wa Afrika. Mkataba huo haukupata kutumika kikamilifu, lakini fikra zake ziliingia katika sheria za makoloni. Ulitaka nyavu na mashimo ya kunasia wanyama yawekewe mipaka, na mwenye bunduki aweze kuwinda kwa leseni. Uliwagawa pia wanyama kuwa wa kulindwa na wa kupunguzwa, na miongoni mwa hawa wa pili walikuwamo simba, chui, fisi na mbwa-mwitu. Hapakuwa na Mwafrika aliyeketi katika baraza hilo.

Nyavu na mashimo ndizo zilizokuwa zana za mtu wa kawaida. Babu yangu mzaa mama, aliyelima ngoro katika milima ya Umatengo, alikuwa mwindaji wa nyavu. Kwake uwindaji ulikuwa sehemu ya kilimo: nguruwe pori akiachwa, mahindi hayavunwi. Uwindaji huo ulikuwa na kanuni zake. Mwenye wavu, aliyechoma mkuki na mzee wa kijiji, kila mmoja alilijua fungu lake. Babu hakuhama, wala wanyama hawakubadilika. Lakini wakati wa ukoloni alianza kuitwa mwizi wa nyama aliyoijua tangu utoto. Wanahistoria kadhaa wanaona kwamba, pamoja na kodi na pamba ya kulazimishwa, vikwazo vya uwindaji vilikuwa miongoni mwa manung'uniko yaliyowasha Vita vya Maji Maji mwaka 1905.

Msitu wa wenyeji wangu

Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu Ujerumani, mzee mmoja alinichukua msituni alfajiri. Tulipanda kiti kirefu cha mbao, tukangoja kimya hadi paa wa Ulaya alipotokea. Baada ya kumpiga, mzee alivua kofia, akakata kitawi kibichi na kukiweka kinywani mwa mnyama, kama tonge la mwisho. Aliniambia kwamba alifanya mtihani mgumu ndipo akapewa leseni, na kwamba kila mwaka lazima idadi fulani ya paa ipunguzwe.

Nilimweleza habari za nyavu za babu. Alisikitika, akasema kwamba Afrika wanyama wasiuawe kabisa. Nikamwuliza kwa nini heshima ya kitawi iwe uwindaji na heshima ya fungu la mzee iwe ujangili. Alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akakiri kwamba hakuwahi kulifikiria jambo hilo.

Katika haki yake mzee alikuwa na hoja moja ya kisayansi. Kila mwaka Wajerumani huua paa zaidi ya milioni moja, na bado paa hawaishi, kwa kuwa huzaa upesi na wanyama waliokuwa wakiwala waliangamizwa zamani. Tembo hubeba mimba kwa miezi 22 na huzaa mtoto mmoja kila baada ya miaka minne au zaidi. Kwa hiyo idadi itakayovunwa bila madhara kwa paa au nguruwe pori itamaliza tembo. Katika mfumo wa ikolojia wa Selous walihesabiwa tembo takriban 110,000 mwaka 1976. Mwaka 2013 walibaki kama 13,000. Waliofanya hivyo hawakuwa wazee wa nyavu, bali mtandao wa bunduki na biashara ya pembe uliovuka bahari.

Mbwa-mwitu anaporudi

Mbwa-mwitu wa Ulaya walikuwa wametoweka Ujerumani hadi walipoanza kuzaliana tena mashariki ya nchi hiyo mwaka 2000. Wakazi wa mijini walifurahi; wafugaji wa kondoo walilalamika. Wafugaji hao walisema maneno yale yale ambayo mkulima wa Tunduru husema juu ya tembo: wanaompenda mnyama huyu hawalali jirani naye. Mwezi wa Aprili 2024, Ujerumani ilipofikiria kubana uingizaji wa vichwa na pembe za wanyama waliowindwa, Rais Masisi wa Botswana alijibu kwa kejeli kwamba atawapelekea tembo 20,000 waishi nao.

Chini ya kejeli hiyo kuna kanuni. Hisia za mtu juu ya uwindaji hutegemea sana umbali wake na mnyama. Aliye mbali huona uzuri. Aliye karibu huona uzuri na hasara pia. Schillings alijifunza kwa sababu alisogea karibu, akaona wanyama wanavyopungua. Kosa la wenzake halikuwa kubadilika, bali kudhani kwamba aliyekuwa karibu siku zote hakuwa na la kuwafundisha.

Tukirudi Ruvuma, kati ya Selous na Hifadhi ya Niassa ya Msumbiji upo ushoroba wa wanyama unaopita Namtumbo na Tunduru. Humo vijiji vimeunda jumuiya tano za hifadhi ya wanyamapori, ambazo sheria inaziruhusu kupata manufaa, hata kwa uwindaji wa idadi iliyopangwa. Fedha za Ujerumani zilisaidia kuuhifadhi ushoroba huo. Mpango huu utadumu iwapo mkulima aliyepoteza shamba usiku mmoja ataona fungu lake, kama mzee wa kijiji alivyoliona la kwake katika siku za nyavu. Usipotimiza hilo, tutakuwa tumerithi sheria ya 1896 na kubadilisha saini tu.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini idadi moja ya uvunaji haiwezi kutumika kwa nguruwe pori na tembo?
2. Waulize wazee wa kijiji chako: ni kanuni zipi zilizoongoza uwindaji wa zamani, na ni zipi kati ya hizo zingeweza kufaa leo?